Homa ya tezi na mrija wa ajon

Likizo inapowarudisha wanafunzi wa vyuo nyumbani Busia na Malaba, huja na vitabu, nguo za mtindo mpya na, mara nyingine, ugonjwa. Juma hili tunajibu swali la mama mmoja. Kijana wake aliugua homa ya tezi chuoni. Sasa ni juma la tatu, koo limepona, homa imeisha, naye ataka kwenda kwenye sherehe kwa baba yake mdogo, ambako pombe haitakosekana. Je, amruhusu?

Jibu letu, mama, ni fupi: aende, lakini asinywe.

Ugonjwa huu huletwa na virusi viitwavyo Epstein-Barr, navyo huenea kwa mate. Wengi hawajui kwamba habari zake zilianzia jirani tu, ng'ambo ya mpaka. Mwaka 1958 Denis Burkitt, daktari mpasuaji wa hospitali ya Mulago mjini Kampala, alieleza juu ya saratani iliyokuwa ikivimbisha taya za watoto. Vipande vya uvimbe huo vilipelekwa London kwa ndege, na mwaka 1964 Anthony Epstein, Bert Achong na Yvonne Barr wakatangaza kuwa wameona ndani yake virusi vipya. Ilipofika 1968 ndipo ikajulikana, kule Marekani, kwamba virusi hivyo hivyo ndivyo viletavyo homa ya tezi.

Huku kwetu watoto wengi huvipata wangali wadogo sana, bila dalili ya maana. Anayechelewa hadi miaka 15 au 20 ndiye hulazwa kitandani: koo kuuma, tezi za shingo kuvimba, na uchovu ambao huenda ukadumu miezi.

Sasa pombe. Katika ugonjwa huu ini la karibu kila mgonjwa hudhurika kidogo, hata kama macho hayakugeuka manjano. Pombe husafishwa na ini hilo hilo, na vidonge vya parasitamo alivyomeza kutuliza maumivu vilikuwa kazi ya ini pia. Wala tusidanganyane kwamba busaa ni chakula na waragi ndiyo pombe. Akae bila kunywa mpaka apone kabisa, aghalabu mwezi mzima au zaidi tangu augue, na kama daktari alipima ini, mpaka vipimo virudi sawa. (Aliye chini ya miaka 18 hana swali la kuuliza, sheria ya Kenya imekwisha kumjibu.)

Linalotutia hofu zaidi ni bandama, kile kiungo kilicho chini ya mbavu za kushoto. Huvimba kwa karibu nusu ya wagonjwa, na ikivimba huwa nyepesi kupasuka. Tena Busia ni nchi ya malaria, ugonjwa ambao nao huvimbisha bandama. Kupasuka ni nadra, lakini kukitokea damu humwagikia tumboni na mtu aweza kufa. Kwa hiyo mpira, mieleka na kubeba magunia vingoje walau mwezi. Bodaboda je? Jina lenyewe lilizaliwa kwenye mpaka huu, siku za waendesha baiskeli waliovusha abiria kutoka kituo kimoja cha mpaka hadi kingine. Kijana aliyelewa, juu ya pikipiki, kwenye barabara ya mashimo usiku: hapo ndipo ini na bandama huingia hatarini pamoja.

Twajua si rahisi. Kwa Wateso wa Malaba na Amagoro, ajon ya wimbi huwekwa katika chungu kimoja, ikaongezwa maji ya moto, na wazee wakakizunguka wakiwa na mirija mirefu. Mtaalamu wa Marekani, Ivan Karp, aliyeishi na Wateso wa Kenya, aliandika mwaka 1980 juu ya unywaji huo na ujirani unaofungamana nao. Kijana akikataa mrija mbele ya wazee huonekana ana kiburi cha masomo. Basi asiachwe ajitetee peke yake. Baba yake azungumze mapema na mwenye boma: mtoto ametoka kuugua, daktari amemkataza. Apewe uji wa wimbi au soda, akae na wenzake.

Hakuna haja ya kumfungia ndani. Mate yake yatakuwa na virusi kwa miezi, lakini wengi wa wazee wale walikwisha kuvipata utotoni. Inatosha asishiriki mrija wala kikombe na mtu.

Neno moja kwa wazazi wengine. Si kila tezi inayovimba ni ugonjwa huu. Maambukizi mapya ya virusi vya Ukimwi huanza kwa dalili zinazofanana nazo mno, kwa hiyo kijana apimwe, na apimwe tena baada ya majuma kadhaa. Wala asinunuliwe amoksilini dukani. Haiui virusi, na katika homa ya tezi mara nyingi huleta vipele mwili mzima.

Huko kwenye sherehe, akishikwa na maumivu makali ubavu wa kushoto juu, au begani kushoto, au akiona kizunguzungu, asingoje kupambazuke. Apelekwe Hospitali ya Rufaa ya Kaunti ya Busia, au nyingine iliyo karibu yenye daktari wa upasuaji, kwa gari, si kwa bodaboda.