Kompyuta ya Kiganjani: Uliza Kwanza Mlango wa Kutokea

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo nijibu hoja iliyozuka katika mkutano wa mwisho wa chama chetu cha kufa na kuzikana hapa Queensbury, kwani naamini haituhusu sisi peke yetu. Katibu aliomba tumnunulie kompyuta ya kiganjani ya kutunzia orodha ya wanachama na tarehe za chama, itakayounganishwa na kompyuta ya mweka hazina. Jambo dogo. Lakini tulibishana saa mbili nzima, tukatoka bila uamuzi. Mmoja alitaka yenye kibodi ndogo ya kukunja. Kijana mmoja alisema simu ya katibu inatosha, kila kitu siku hizi kiko mtandaoni. Mzee wetu mmoja akasema turudi kwenye daftari la karatasi, tuache mambo ya kitoto. Wakaulizana bei, uzito, betri, hata rangi. Hakuna aliyeuliza swali ambalo kwangu ndilo la kwanza: majina yetu yakishaingia humo, yatatokaje?

Nasema haya kwa aibu wala si kwa kiburi. Swali hilo nililipuuza mimi mwenyewe nilipokuwa katibu, na aliyelipa hakuwa mimi.

Mwaka 2003 nilikuwa kijana mwenye shahada ya uhandisi na kompyuta ya kiganjani mfukoni, nikiwacheka wenye madaftari. Orodha nzima ya chama ilikuwa humo: jina la mwanachama, anakokaa hapa London, na simu ya mtu wa kupewa habari nyumbani. Ikatoka nyingine nyembamba zaidi, nikainunua. Kuhamisha majina kulipitia kompyuta ya mezani: unachomeka hiki, unachomeka kile, programu inafanya kazi. Kifaa kipya kilikuwa na nafasi mbili tu za jina, jina la kwanza na jina la ukoo. Likabaki jina la mtu na la baba yake, la babu likaachwa njiani. Kisha programu ikaniambia imeona majina yaliyojirudia, je, iyaunganishe? Nikabonyeza ndiyo, kama anayeua mbu.

Katika orodha walikuwamo vijana wawili wasio na undugu wowote. Nitawaita wote Salim Juma, kwa kuwa majina yao halisi si ya kuandikwa hapa. Mmoja kwao Pangani, mwingine Tanga mjini. Babu zao ndio waliowatofautisha, na babu zao nilikuwa nimewafuta. Programu ikawafanya mtu mmoja: anwani ya London ya yule wa Pangani, na simu ya mama wa yule wa Tanga.

Miezi michache baadaye yule wa Pangani alianguka kazini akafariki. Kadi ya chama ilikuwa mfukoni mwake, nikapigiwa mimi. Nilitoa kifaa changu, nikagusa mara mbili, namba ikatokea. Nilijiona nimefanya kazi kwa ustadi. Mwanamke akapokea, tukaamkiana, nikamuuliza kama yeye ndiye mama yake Salim Juma. Akasema ndiye. Nikamwambia.

Sitaeleza sauti niliyoisikia. Kule Tanga majirani walikuja, mkeka wa msiba ukatandikwa, turubai likaanza kufungwa uani. Yule kijana aliye hai alikuwa zamu ya usiku na simu yake imezimwa. Alipoiwasha asubuhi na kupiga nyumbani kujua kwa nini anatafutwa, shangazi yake aliyepokea aliangusha simu. Na usiku huo wote mama wa Pangani alilala salama, hajui lolote. Ilituchukua siku mbili kumpata, kupitia kwa mtu wa kijiji chake aliyekuwa akiishi Reading.

Mama wa Tanga alinisamehe. Lakini mwanawe aliniambia kwamba tangu siku ile, simu ikilia usiku, mama yake haipokei.

Wapo watakaosema: mashine imekosa nini hapo? Aliyebonyeza ni wewe. Kweli, na sikatai. Lakini kwa jicho la fundi, vifaa hivi vilibuniwa kwa ajili ya mtu wa ofisini ambaye jina lake ni mawili na ambaye, akipoteza namba ya mteja, anapoteza chakula cha mchana. Sisi tumetia humo mama zetu. Mtu kwetu anaitwa kwa jina lake, la baba na la babu. Mwingine anajulikana kama Mama Asha tu, na ukimuuliza mtaa mzima jina lake la kwenye pasipoti hakuna alijuaye. Ukichagua kifaa bila kujaribu kama kinabeba majina ya namna hiyo, na kama kinayarudisha jinsi ulivyoyaweka, umenunua kioo na betri.

Wapenzi wa chapa huniambia: nunua ya kampuni kubwa, haitakuangusha. Haya, tuzitazame kampuni kubwa. Hapa hapa London, David Potter, mzaliwa wa Afrika Kusini, alianzisha Psion mwaka 1980. Mwaka 1984 ikatoa Organiser, mwaka 1991 Series 3, na mwaka 1997 Series 5, ambayo kibodi yake wapo wanaoililia hadi leo. Ilitumia betri mbili za kawaida, za kununua duka lolote. Mwaka 2001 Psion ikatangaza kujitoa katika biashara hiyo ya kompyuta za kiganjani kwa watu wa kawaida. Apple ilitoa Newton mwaka 1993, ikaiua mwaka 1998. Kule Marekani Jeff Hawkins alitembea na kipande cha mbao mfukoni, akijifanya anaandika juu yake, ili ajue kifaa kiwe na ukubwa gani. Pilot yake ilipotoka mwaka 1996, uliikalisha kwenye kitako chake, ukabonyeza kitufe kimoja, na diari ikaoana na ile ya kompyuta. Ilikuwa kazi safi. Kampuni ya Palm ikanunuliwa na HP mwaka 2010, na mwaka uliofuata HP ikatangaza kuachana na vifaa hivyo.

Sizitaji kampuni hizi ili kuzisema vibaya. Vilikuwa vifaa vizuri, na lile kosa langu nisingependa kumbebesha mtu. Nazitaja ili tuone umri. Miaka 5, miaka 15, miaka 17, basi. Chama cha kufa na kuzikana hakiwezi kuwa na umri huo. Mtoto anayeandikishwa leo na wazazi wake huenda akatuhitaji baada ya miaka 60. Hakuna kampuni, kubwa wala ndogo, iliyokuahidi miaka 60, na ikikuahidi usiiamini.

Huyo aliyetaka kibodi ya kukunja namwelewa kabisa. Mwaka 2018 kampuni nyingine ya London, Planet Computers, ilitoa Gemini, na kibodi yake ilibuniwa na Martin Riddiford, mtu yule yule aliyeshiriki kubuni Series 5. Nilipoiona moyo ulinidunda kama wa kijana. Lakini mapenzi si hoja. Sandukuni mwangu nina kifaa cha zamani ambacho bado kinawaka. Waya wake unataka tundu la pini 9 nyuma ya kompyuta, na kompyuta za kisasa za nyumbani hazina tundu hilo. Mwili mzima, mdomo umefungwa.

Sasa nije kwa yule kijana wa simu. Hoja yake ni nzito kuliko zote, kwa sababu ni kweli kwamba simu ya leo inafanya yote yaliyofanywa na vifaa nilivyovitaja, na zaidi. Ila ajiulize: orodha iliyo mtandaoni ni ya nani? Imefunguliwa kwa barua pepe ya katibu na inalindwa kwa nywila ya katibu. Katibu akifa, ambalo ni jambo ambalo chama chetu hasa kinapaswa kulifikiria, tutamwomba nani ufunguo? Akigombana na mwenyekiti je? Tumeona vyama vikivunjika kwa mambo madogo kuliko hayo. Na asidhani kwamba yaliyonipata mimi ni ya enzi za kale. Simu za leo bado zinakuonyesha majina yanayofanana na kukuuliza kama uyaunganishe. Kidole kimoja tu, na Salim Juma wawili wanakuwa mmoja tena.

Na mzee wa daftari? Huyu nisingependa kumcheka, nilishacheka vya kutosha. Mtaa wetu huu wa stesheni ya mwaka 1934 umejaa watu waliotoka Nairobi, Mombasa, Dar es Salaam na Kampala. Jirani yangu mmoja Mhindi, mzaliwa wa Kampala, anazungumza Kiswahili kuliko watoto wangu. Idi Amin alipowapa Waasia siku 90 za kuondoka Uganda mwaka 1972, baba yake alitoka na kijitabu cha anwani mfukoni. Kijitabu hicho nimekishika. Zaidi ya miaka 50 imepita, na kinasomeka bila betri, bila waya, bila nywila. Hakuna kompyuta ya kiganjani iliyowahi kufanya hivyo.

Lakini daftari ni moja. Haliwezi kuwa Queensbury kwa katibu na wakati huo huo kwa mweka hazina. Likiungua limeungua, likisahaulika kwenye treni limekwenda. Na likishafutwa na kuandikwa upya pembeni mara tatu, namba ya mtu aliyehama inasomeka kwa kubahatisha. Tuliacha madaftari kwa sababu za kweli. Tusiyarudie kwa hasira tu.

Basi ninunue ipi, mtaniuliza. Jibu langu ni kwamba kifaa ni kitu cha mwisho kuchagua. Kwanza chagueni umbo la orodha: faili la kawaida la maandishi, kila mtu na mstari wake, ambalo kompyuta ya aina yoyote inaweza kulifungua. Tangu miaka ya 1990 kuna pia miundo ya wazi, vCard kwa anwani na iCalendar kwa tarehe, isiyofungwa kwa kampuni moja. Kifaa kisichoweza kutoa orodha nzima kwa umbo la namna hiyo kisiingie nyumbani mwetu, hata kikitolewa bure.

Kisha kifanyiwe mtihani kabla muda wa kukirudisha dukani haujaisha. Andikeni humo majina 20 yaliyo magumu kuliko yote tuliyonayo: wenye majina matatu, wenye bin na binti, Mama Asha, na wale wanaofanana mpaka kwa babu. Wekeni pia tarehe ya arobaini ya mtu, kisha badilisheni saa ya kifaa kutoka ya London kwenda ya Dar es Salaam, inayotutangulia saa 2 majira ya joto na saa 3 majira ya baridi. Zipo programu ambazo, zikihamishwa saa hivyo, huisogeza siku nzima ikaangukia tarehe nyingine. Peleka vyote kwenye kompyuta ya mweka hazina, vitoe kama faili, viingize kwenye kompyuta ya mtu wa tatu, ya kampuni tofauti. Hapo chapeni karatasi na mkae wawili, mmoja asome, mwingine aangalie. Majina 20 yakirudi 20, kila moja na mama yake, lipeni fedha. Yakirudi 19, rudisheni kifaa, hata kama kioo chake kinang'aa kama lulu.

Najua mtasema ni usumbufu. Ni jioni moja. Mimi jioni hiyo niliiokoa mwaka 2003.

Kwa hiyo napendekeza hivi kwa mkutano ujao. Katibu anunuliwe kifaa cha bei ya kati kitakachofaulu mtihani huo. Akaunti iwe ya chama, na nywila yake iwe katika bahasha iliyofungwa kwa mwenyekiti. Kila baada ya miezi 3 orodha ichapwe, isomwe mbele ya wanachama, na kila mmoja asikie kwa masikio yake jina lake, la babu yake, na namba itakayopigwa siku yake ikifika. Nakala iliyochapwa ikae kwa mzee wetu wa daftari, ambaye najua hataipoteza.

Na katibu, kabla hujamwambia mama wa mtu neno lolote, muulize kwanza jina la babu.

Wasalaam,
Katibu wa zamani, Queensbury, London