Dharura Gani Hii Isiyoisha?

Makamanda, wiki iliyopita kaka yangu alirudi nyumbani hapa Karatu kutoka zamu, akakaa kwenye kochi na viatu vyake, akalala kabla mama hajamimina chai. Ni daktari mtarajali, hospitali sitaitaja. Aliingia kazini jana yake asubuhi. Piga hesabu mwenyewe.

Alipoamka akaniuliza, "Wewe si unasoma sheria? Hivi hii inaruhusiwa?"

Nikafungua Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Na. 6 ya mwaka 2004. Kifungu cha 19: mwisho saa 12 kwa siku, na saa za kawaida ni 45 kwa wiki. Safi. Ila rudi nyuma, kifungu cha 17: kikomo hicho cha saa 12 hakihusu kazi ya dharura. Hapo ndipo wanapojificha. Eti kila usiku ni dharura! Daktari mmoja wodi mbili, mwezi unaingia mwezi unatoka, hiyo si dharura jamani. Huo ni mpango wa kutoajiri, na madaktari wenye vyeti wapo mtaani wanasubiri.

Agome? Kifungu cha 76 kinamzuia, maana afya ni huduma muhimu. Kumbe ni muhimu! Mwaka 2012 waligoma wakidai maslahi na mazingira bora ya kazi. Kiongozi wao, Dkt. Steven Ulimboka, akatekwa mwezi Juni, akakutwa Mabwepande amepigwa vibaya. Waliokuwa sekondari wakati ule ndio madaktari wa leo, na somo walilielewa.

Huku kwetu mzigo umeongezwa. Mwaka 2022 ndege za Flying Medical Service, zilizohudumia vijiji vya Ngorongoro tangu miaka ya 1980, zilizuiwa kuruka. Hospitali ya Endulen nayo ikashushwa hadhi. Serikali inasema kuhamia Msomera ni hiari. Mimi nasema hiari ya mtu aliyenyimwa daktari ni hiari ya ajabu. Mama mjamzito wa Endulen anapakiwa kwenye kruza, anapita ukingo wa kreta, anashuka lango la Lodoare, anaangukia mikononi mwa mtu ambaye hajalala.

Halafu tunaambiwa udaktari ni wito. Sawa, na wito una saa ngapi kwa wiki?

Nimeanza kukusanya ratiba za zamu. Kama unayo, futa majina, nitumie. Kaka amerudi kazini saa mbili usiku.