Kofre ya Umeme Isipinduliwe kwa Kukosa Nafasi



Leo tunazungumza juu ya kofre ya umeme, lile sanduku dogo lenye disjonkteri ambamo umeme wote wa nyumba unapita. Tunataka kusema jambo moja tu: namna linavyofungwa ukutani.

Huku kwetu Baraka na Fizi wengi wetu tunaishi kwa sola au kwa jenereta, na wengine wana vyote viwili. Ni maendeleo, nasi tunayafurahia. Lakini tazameni mahali kofre inapowekwa. Ukuta mzuri wa saloni umekwisha kupewa televizyo, kalenda na picha ya harusi. Kofre inapewa mabaki: nyuma ya mlango, juu ya kabati, au katika kile kipande chembamba kati ya dirisha na pembe ya nyumba. Na kwa kuwa hapo haitoshi ikisimama sawasawa, fundi anailaza ubavu. Mwingine anaipindua juu chini ili nyaya ziifikie upesi. Mwenye nyumba anaona taa zinawaka, analipa, wanaagana.

Sisi tunasema kazi hiyo haijakwisha.

Kule kazini kila mmoja wetu amefundishwa: kidole cha disjonkteri kikiwa juu, umeme upo, kikiwa chini, umeme umekatika. Tumeizoea ishara hiyo hata mkono unaijua bila macho. Sasa fikiri baba yuko juu ya kiti anarekebisha taa ya chumbani, waya unamshika, na mtoto wa miaka kumi amesimama karibu na kofre. Mama anapiga kelele: «Shusha! Shusha vyote!» Mtoto anashusha. Ikiwa kofre imepinduliwa, kushusha ni kuwasha. Kidole kilichokuwa kimezimwa sasa kimewashwa, na kile kinachomuua baba yake kimebaki pale pale, kwa maana kilikuwa chini tangu mwanzo. Mtoto ametii. Nani atamlaumu?

Ndiyo maana kanuni za umeme za Marekani zinasema wazi kwamba disjonkteri zinazosogezwa juu na chini ziwe zimewashwa zikiwa juu. Na juu ya zile swichi za kisu, ambazo bado ziko kwenye jenereta nyingi, zinataka kisu kifungwe hivi kwamba uzito wake wenyewe usiweze kukirudisha kwenye moto. Kisu kilichopinduliwa kinaweza kuanguka chenyewe, fundi akiwa ameshika waya mkononi.

Fundi mwingine atatujibu: «Disjonkteri inakata hata ikilazwa.» Kwa aina nyingi anasema kweli, tusimwonee. Ndani yake mna kipande cha metali mbili kinachopinda kikipata joto, na mna koili ya sumaku. Hivyo viwili havijali sana juu wala chini. Lakini kuna aina nyingine, inayopendwa sana Afrika Kusini, ambayo ndani yake chuma kidogo kinatembea katika mafuta kikisukumana na springi. Hiyo ukiielekeza uso juu au uso chini, uzito wa kile chuma unaongeza au unapunguza nguvu, na kiasi cha umeme kinachoifanya ikate kinabadilika. Kwa hiyo karatasi ya kiwanda isomwe kwanza. Mara nyingi karatasi hiyo inatupwa pamoja na katoni, au watoto wanaichezea.

Tena disjonkteri si kofre. Sanduku lenyewe limetengenezwa likiwa na upande wa juu. Kanuni za Uingereza zinadai kwamba upande wa juu unaofikiwa na mtu usiwe na tundu la kupitisha hata waya wa milimita 1. Pande nyingine zinaruhusiwa kuwa na nafasi kubwa zaidi, mradi kidole kisipite. Ukiilaza kofre ubavu, ule upande wenye matundu makubwa ndio unaotazama dari. Na darini kwetu kuna nini? Mna mjusi, mende, mavumbi ya tofali na kutu ya bati. Katika masika mna tone la maji linalofuata waya taratibu mpaka ndani. (Kwa jambo hili la maji dawa ni rahisi: waya ushuke kidogo chini ya kofre, upinde kama tumbo, ndipo upande kuingia. Tone litadondokea sakafuni.)

Wenye sola wana hatari yao peke yao. Disjonkteri ya umeme wa sola mara nyingi ina alama ya kujumlisha na ya kutoa, na ina upande wa kuingia na wa kutoka. Cheche ya umeme huo ni kaidi kuliko ya jenereta. Ndani ya disjonkteri mna sumaku inayoisukuma mpaka izimike. Kofre ikipinduliwa, fundi mwenye haraka anachanganya juu na chini, waya wa kujumlisha unakaa mahali pa wa kutoa, na sumaku inaisukuma cheche upande usiofaa. Disjonkteri hiyo itafanya kazi miezi yote bila kuonyesha kitu. Siku itakapotakiwa kukata, ndipo itakapoungua.

Na ile tabia ya kufunga kofre ndani ya kabati, juu kabisa ya batri, ili vyote vikae mahali pamoja? Batri ya risasi na asidi ikichajiwa inatoa hidrojeni, hewa nyepesi kuliko zote, nayo inapanda juu. Ikifika sehemu 4 katika 100 za hewa ya mle kabatini, cheche moja inatosha. Na disjonkteri inatoa cheche kila inapokata. Wewe uliyefundishwa juu ya hewa mbaya shimoni, waweza kuruhusu jambo hili chumbani mwa watoto?

Joto nalo lisisahauliwe. Disjonkteri za nyumbani zimepimwa kwa joto la digrii 30. Huku ukingoni mwa Tanganyika, chini ya bati, saa nane mchana, tunapita hapo bila shida. Kofre iliyobanwa kati ya kabati na dari inachemka, disjonkteri inakata kabla ya wakati wake, na mwenye nyumba anakasirika, ananunua iliyo kubwa zaidi. Sasa waya ni mwembamba na mlinzi wake ni mnene. Moto unaanza hivyo.

Mahali pembamba pia panamnyima fundi macho. Bisibisi inaingia mshazari, skrubu haikazwi, waya unalegea na kupata moto pole pole. Huko Uingereza wazima-moto wa London walikuta mioto mingi iliyoanzia ndani ya kofre za plastiki, na sababu kubwa ilikuwa nyaya zilizolegea. Kwa hiyo tangu Januari 2016 kofre mpya za nyumbani huko zinatakiwa ziwe na ganda lisiloungua, kama vile chuma. Kama nchi yenye mafundi wa cheti na wakaguzi ilipatwa hivyo, sisi tunaojengewa na shemeji tujihadhari mara mbili.

Sasa tufanye nini na kipande chembamba? Maoni yetu ni haya: usipinde kofre, badili kofre. Disjonkteri moja ya kawaida ina upana wa milimita 18 hivi. Kofre ya kifaransa ya mstari mmoja ina nafasi 13, maana yake sentimita 23 na kitu, bila kuhesabu ganda. Kama unahitaji nafasi nane tu, chukua yenye mistari miwili mifupi, iliyo nyembamba na ndefu, nayo itasimama wima palepale ilipokataa ile pana. Na kama hata hiyo haiingii, ondoa kalenda. Kalenda yaweza kutundikwa popote.

Ikiwa kweli hakuna njia, na karatasi ya kiwanda inaruhusu, kofre ilazwe ubavu kwa namna ambayo kuwasha ni kwenda kuume, kama desturi ya mataifa ilivyo, na matundu ya juu yazibwe yote. Kupindua juu chini, hapana. Kuilaza uso ukitazama dari au sakafu, hapana.

Juu ya urefu, Wafaransa wanataka swichi kuu ya kukata umeme wa nyumba iwe kati ya sentimita 90 na mita 1.80 kutoka sakafuni. Ni kipimo kizuri kwetu pia: mama anaifikia bila kupanda kiti. Wamarekani wanakataza kuiweka katika kabati la nguo na bafuni, na mbele yake wanataka nafasi wazi ya sentimita 91. Nyumba zetu ni ndogo, lakini gunia la mihogo laweza kusogezwa.

Usiifungue kofre wewe mwenyewe ili kuigeuza. Mwite fundi, jenereta izimwe, batri ifunguliwe nyaya, na pano za sola zifunikwe kwa blanketi zito, kwa sababu mchana pano hazizimiki. Akimaliza, mama na watoto wakubwa wasimame mbele ya kofre, kila mmoja ashushe na kupandisha kwa mkono wake, mara moja mchana na mara moja gizani. Na ndani ya kifuniko ibandikwe karatasi yenye majina, kwa maneno ya nyumba yenu: jikoni, chumba cha watoto, friji, taa ya nje.