Uhimilishaji Arusha: Mbegu bora, lakini mtungi je?

Mfugaji wa Lemara akiona ng'ombe wake ameingia kwenye joto, anampigia simu mhimilishaji. Mtaalamu anakuja na pikipiki, mtungi umefungwa nyuma. Ng'ombe asiposhika mimba, lawama zinaenda kwa mbegu au kwa mtaalamu. Mtungi hauulizwi.

Mbegu za madume bora huandaliwa Kituo cha Taifa cha Uhimilishaji (NAIC), Usa River, kama kilomita 20 kutoka Arusha mjini. Kuanzia hapo hadi zizini zinakaa kwenye naitrojeni ya kimiminika, nyuzi 196 chini ya sifuri. Zikiyeyuka zimeharibika, na kuzigandisha upya hakusaidii.

Mtungi unaumiaje?

Mtungi ni vyombo viwili vya alumini, kimoja ndani ya kingine. Katikati hewa imenyonywa ili joto lisipite, kama chupa ya chai. Chombo cha ndani kinaning'inia kwenye shingo ya faibaglasi, yaani nyuzi za kioo zilizoshikanishwa na gundi ngumu. Faibaglasi imewekwa hapo kwa sababu haipitishi joto kirahisi kama alumini.

Tatizo ni kwamba vitu hivi viwili havisinyai sawa. Alumini ikifika kwenye baridi hiyo husinyaa karibu milimita 4 kwa kila mita. Faibaglasi husinyaa kwa kiwango chake, kutegemea nyuzi zimelazwa vipi. Pale vilipoungana, kila kimoja kinavuta kivyake.

Mtungi wenye joto ukijazwa harakaharaka, mvutano huo unakuja kwa ghafla. Ongeza mashimo ya barabarani, ambayo yanatikisa shingo ileile. Ufa mdogo tu ukitokea, hewa inaingia katikati na naitrojeni iliyotakiwa kukaa wiki kadhaa inaisha mapema mno.

Dalili ni hizi

Ganda la nje likitoa jasho au barafu, mtungi huo una shida. Kinga yake ni rahisi: kujaza taratibu, kuufunga wima usigonge, na kupima kina cha naitrojeni kwa kijiti mara kwa mara.

Tanzania ina ng'ombe zaidi ya milioni 30, wengi wao wa asili wenye maziwa kidogo, na uhimilishaji ni njia mojawapo ya kubadili hali hiyo. Lakini kununua mbegu nzuri bila kukagua mitungi ni kazi nusu. Kwa mfugaji, mtungi mbovu ni takriban siku 21 nyingine za kusubiri joto, huku majani na pumba vinanunuliwa kila siku.