Heshima ya Mwana Kupona, heshima ya Siti

Kila unapozuka mjadala kuhusu maadili ya vijana, hasa wasichana, haupiti muda mrefu kabla mtu hajautaja Utendi wa Mwana Kupona. Anayeutetea husema humo ndimo ilimo adabu yote ya Mswahili. Anayeupinga huuona kuwa mwongozo wa kumgeuza mke mtumishi wa mumewe. Naona pande zote mbili zinagombania beti zilezile za utii, na utendi wenyewe unabaki bila msomaji.

Mwana Kupona binti Msham aliutunga mwaka 1858, akiwa mgonjwa, uwe wosia kwa bintiye Mwana Hashima. Alikuwa mjane wa Bwana Mataka, mtawala wa Siyu katika kisiwa cha Pate, aliyepambana kwa miaka mingi na utawala wa Sayyid Said wa Zanzibar. Nyumba yake basi iliijua vita na iliijua siasa. Anausia dini kwanza, kisha adabu na ukweli wa ulimi, ndipo anapofika kwa mume. Anasema kwa fahari kwamba aliishi na mumewe bila ugomvi, na kwamba mume huyo alifariki akiwa radhi naye. Huyu ni mwanamke anayeishuhudia heshima yake kwa sauti yake, wala hangoji mwanamume amsemee. Lakini tangu utendi ulipochapwa Uingereza mwaka 1934 kwa jina lililotaja wajibu wa mke, wengi wameufungua wakitafuta hilo tu.

Upo ubeti mmoja ambao hata watetezi wake huupita haraka. Mama anamwonya binti asichanganyike na watumwa ila wakati wa kazi, kwani watamvuta kwenye aibu. Kwangu mimi, ubeti huo una uzito zaidi kuliko zile zote za kumtii mume. Katika miji ya Pate, Lamu na Mombasa ya wakati ule, heshima ilikuwa na ukuta: waungwana ndani, watumwa nje. Bibi wa kiungwana alijulikana kwa stara, na stara ile ilihitaji watu wa kuteka maji, kwenda sokoni na kubeba mizigo kwa niaba yake. Kujisitiri kwa mmoja kulisimama juu ya jasho la mwingine. Utendi haukuujenga ukuta huo, lakini uliupa lugha nzuri na kauli ya mama anayekaribia kufa, na hakuna sheria yenye nguvu kama hiyo.

Ukuta ukaja kutikiswa kutoka nje. Huko Fumba, Unguja, katika miaka ya 1880 hivi, alizaliwa mtoto wa wazazi wa hali ya utumwa, naye akaitwa Mtumwa. Alikua akitembeza mjini vyungu vilivyofinyangwa na mama yake, akivinadi kwa sauti ambayo baadaye ingesikika hadi Bombay, alikorekodi santuri mwaka 1928. Utumwa ulikwishafutwa Zanzibar kisheria mwaka 1897, lakini sheria haimpi mtu ukoo. Alipopata jina kwa uimbaji, akiitwa sasa Siti binti Saad, wapinzani walimtungia wimbo wa kumsuta. Walimuuliza amekuwa mtu tangu lini, wakamkumbusha kwamba alitoka shamba na kaniki zake. Naye akawajibu kwa wimbo kwamba sura nzuri na ukubwa wa jadi si hoja. Hasara ya mtu ni kukosa akili.

Nalihesabu jibu hilo miongoni mwa mambo makubwa katika fikra za Waswahili wa karne ya 20. Siti hakuomba kuingizwa katika uungwana wala hakujitungia nasaba. Alikibadilisha kipimo chenyewe. Huku akifanya hivyo, aliimba akiwa amejisitiri, akaitwaa ile stara iliyokuwa fahari ya mabibi wa ndani na kuipeleka jukwaani, mbele za watu, kwa kazi yake mwenyewe. Katika wimbo wa Kijiti, unaohusu mwanamke aliyeuawa na muuaji aliyekimbilia bara, hasira yake ilifika hadi mahakamani. Aliyeulizwa amekuwa mtu lini, sasa yeye ndiye aliyekuwa akimuuliza hakimu.

Shaaban Robert akamwandikia wasifu. Kitabu hicho kinamsifu Siti kwa adili na uvumilivu kuliko kinavyomsikiliza akiwa mkali, na hilo nalilalamikia. Hata hivyo, uzito wa tendo lenyewe haupungui: mwandishi mwenye asili ya Kiyao, mzaliwa wa Vibambani, Tanga, alimchukua binti wa watumwa na kumweka mbele ya Waswahili wote awe kielelezo. Kuanzia hapo ilikuwa vigumu kusema kwamba Uswahili ni damu.

Kazi hiyo ya kukibadilisha kipimo cha heshima haijaisha. Katika Vuta N'kuvute ya Shafi Adam Shafi, riwaya iliyotengenezewa filamu mwaka 2021, Yasmin anaozwa mwanamume mzee, anamkimbia, na jamaa zake wenyewe wanamkataa kwa kuwa amewavunjia heshima. Anayempokea ni Mwajuma, mwanamke wa uswahilini asiye na mali wala ukoo wa kutajika. Shafi anamwachia msomaji aamue nani hapo ni muungwana.

Ndiyo maana siungi mkono wanaotaka utendi wa Mwana Kupona uondolewe darasani, wala wanaotaka ufundishwe kwa kuruka ule ubeti wa watumwa. Ufundishwe wote, na Siti afundishwe ubavuni mwake. Mwanafunzi wa Unguja au Lamu ambaye bibi ya bibi yake huenda aliteka maji ya nyumba ya mtu mwingine ana haki ya kuusoma ubeti ule kama ulivyo, na kulisikia jibu la Siti katika kipindi hichohicho.