Mchekeshaji Naye Aulizwe Hali

Naomba nafasi kidogo katika gazeti letu la muhula huu nitoe maoni yangu juu ya jambo ambalo huenda wengine wataliona dogo. Jambo lenyewe ni kicheko. Watu wengi hudhani ya kuwa mtu anayechekesha wenzake hana shida moyoni, na ya kuwa akipata shida ataacha kuchekesha, nasi tutajua. Mimi nasema sivyo, na nitaeleza kwa nini.

Katika likizo ya Juni nilikwenda Dar es Salaam kwa mjomba wangu. Usiku mmoja binamu yangu alinionyesha katika kompyuta yake mchezo wa Kimarekani uitwao Inside, wa Bwana Bo Burnham. Aliniambia ni vichekesho vya nyimbo. Nami, kwa kuwa ndiye mchekeshaji wa bweni letu siku za Jumamosi, nikakaa vizuri nipate kuiba mbinu mbili tatu. Mchezo huo huchukua dakika 87. Ulipoanza nilikuwa nikicheka. Ulipokwisha nilikuwa nikilia, hata binamu akawasha taa akidhani nimeshikwa na homa.

Yafaa kwanza nimweleze mtu huyu kwa wasiomjua. Bwana Burnham alizaliwa mwaka 1990 katika jimbo la Massachusetts. Mwaka 2006, alipokuwa na umri wa miaka 16, alianza kuimba nyimbo za mzaha chumbani kwao na kuzitia katika YouTube, na kwa njia hiyo akapata sifa. Baadaye akawa mtu wa kupanda majukwaani mbele ya umati wa watu. Walakini huko huko jukwaani akaanza kushikwa na hofu kuu ya ghafula, na baada ya mwaka 2016 akaacha kazi ya jukwaa. Katika mchezo huu asema mwenyewe ya kuwa alikaa miaka kadhaa akijitahidi kupona, na Januari 2020 akaona amepata nafuu, sasa aweza kurudi mbele ya watu. Mara ukaja ugonjwa wa UVIKO-19, na watu wakafungiwa majumbani.

Basi akaingia katika kijumba cha wageni penye nyumba yake mjini Los Angeles, akaanza kazi peke yake. Aliandika mwenyewe, akaimba mwenyewe, akapanga taa mwenyewe, akapiga picha mwenyewe, akaunganisha vipande mwenyewe. Mchezo ukatolewa na kampuni ya Netflix tarehe 30 Mei 2021. Mwaka huo huo ukapata tuzo tatu za Emmy: ya uandishi, ya uongozaji, na ya uongozaji wa muziki.

Mwanzoni ni furaha tupu. Ajifunga taa kichwani, aielekeza kwenye mpira wa vioo, na chumba kizima chajaa nyota. Aimba juu ya kuzungumza na mama yake kwa simu ya picha, na mama huyo hajui kushika simu, kidole chake chafunika kioo. Hapo nilicheka sana, maana bibi yangu hufanya vivyo hivyo. Lakini tazama jinsi mambo yanavyobadilika. Nywele zake zarefuka. Ndevu zamea. Usiku mmoja akaa kando ya saa, angoja itimie saa sita apate kuwa na umri wa miaka 30, naye yu peke yake. Kila atoapo mzaha hakuna wa kucheka, ila kicheko kilichotiwa kwa mashine. Kuna mahali ajaribu kusema nasi, maneno yakwama, naye alia. Na kuna mahali aacha mzaha, awaomba watu wenye mawazo ya kujidhuru wasifanye hivyo.

Mwisho atoka nje ya mlango. Taa kubwa yammulika, watu asiowaona washangilia, naye ashikwa na hofu, ataka kurudi ndani, na mlango haufunguki. Wale wasioonekana wacheka. Hapo ndipo nilipolia.

Nililia kwa sababu moja. Mwaka jana, nilipokuwa Kidato cha Tatu, mama yangu alilazwa hospitali muda wa mwezi mzima. Sikumwambia mtu. Jumamosi moja nikapanda mbele ya bwalo, nikaimba wimbo wangu wa kengele ya alfajiri na wadudu wa maharage. Watu walicheka hata wengine wakaanguka katika mabenchi, na mwalimu wa zamu alifuta macho kwa leso. Usiku ule nilijifunika blanketi kichwani. Ni mtoto mmoja tu wa Kidato cha Kwanza, alalaye kitanda cha chini yangu, aliyeniuliza: "Kaka, mbona leo hukututakia usiku mwema?" Nikamwambia alale. Namshukuru Mungu, mama alipona. Lakini swali la mtoto yule sijalisahau, maana lilikuwa la pekee.

Sasa nijibu hoja mbili za wanaopinga. Mjomba alitusikia, akaja akatazama kidogo, akasema: "Mtu huyu ana umeme, ana chakula, ana nyumba ya kifahari. Analia nini?" Sikumjibu, maana ni mkubwa wangu, na kwa hakika maneno yake yana uzito. Wako watu wengi mwaka ule wa 2020 waliofungiwa bila chakula. Hata Bwana Burnham mwenyewe alijua hayo, maana katika wimbo wa mwanzo mwanzo ajicheka, ajiuliza kama ni halali kufanya mzaha na kulipwa wakati ulimwengu una taabu. Lakini wahenga walisema: kitanda usichokilalia, huwajui kunguni wake. Sisi wa bweni twaijua methali hii kwa maana zake zote mbili. Shida ya mtu haipimwi kwa nyumba yake tu. Kama tungengoja mpaka apatikane mtu asiye na chochote ndipo tumwonee huruma, tungewapita wengi walio karibu nasi.

Hoja ya pili ni ya mwenzangu mmoja wa darasani. Yeye asema ya kuwa machozi yale ni ya kutengenezwa, kwa sababu mtu huyo ndiye aliyeweka kamera, akachagua kipande cha kutuonyesha. Ni kweli alichagua. Lakini mama zetu waimbapo msibani, mmoja huanza na wengine huitikia, tena kwa sauti zilizopangwa vizuri. Je, nani atathubutu kusema hawana huzuni? Mtu aweza kuipanga huzuni yake vizuri ili wengine waielewe, nayo ikabaki huzuni ya kweli.

Nakiri pia ya kuwa mchezo huu una matusi na nyimbo zisizofaa watoto, na sishauri uonyeshwe bwaloni petu. Tena Kiingereza chake chaenda mbio, na mengine yalinipita. Sisemi watu wote wautazame. Nasema yako mafunzo ndani yake yatufaayo sisi.

Katika wimbo ule wa simu, baba wa mwimbaji amwuliza hali, kijana ajibu kwamba si mbaya, na hayo ndiyo mazungumzo yao yenye kina kuliko yote. Ndugu zangu, je, sisi si hivyo? Twasalimiana kutwa. Hujambo? Sijambo. Habari za nyumbani? Nzuri. Hata mwenye homa hujibu sijambo, na hata mfiwa hujibu salama. Lugha yetu ina adabu, nayo yataka jibu jema litangulie. Lakini wazee wetu hawakuishia hapo. Msikilizeni mzee akisalimiwa: "Nzuri, ila mtoto haamki vizuri." "Salama, ila mvua imetukataa." Habari yenyewe huja baada ya neno "ila", na mwenye kusalimu hungoja neno hilo. Sisi vijana twasalimu huku tunakimbilia foleni ya uji, hatungoji. Neno "ila" humfia mwenzetu mdomoni.

Kwa hiyo nina maombi manne. Kwenu wanafunzi wenzangu: mkimaliza kucheka Jumamosi, mmoja wenu amfuate mchekeshaji bwenini, amwulize hali, kisha anyamaze kidogo. Kwenu walimu wetu, kwa heshima nasema: mnamwangalia sana mwanafunzi aliyenyamaza, na ni vizuri, mwangalieni na yule mwenye kelele. Kwenu wazazi: mpigapo simu ya mlezi wa bweni siku ya Jumapili, mkisikia "nzuri", ulizeni mara ya pili. Muda wa simu ni mfupi, lakini swali la pili ni fupi pia. Na kwetu sisi wachekeshaji: hakuna atakayeujua moyo wetu ikiwa kila siku twauziba kwa mzaha. Mimi nilimficha hata mwalimu wangu wa darasa, naye angenisaidia. Kosa hilo lilikuwa langu.

Mwaka 2020, shule zilipofungwa nchini mwetu tangu Machi mpaka Juni, nilikuwa Darasa la Sita. Sisi watoto tulifurahi kama likizo, kisha baada ya wiki chache tukaanza kuwatamani wenzetu. Siku tuliporudi tulikumbushwa tusikaribiane, lakini tulisalimiana kwa mbali kwa furaha kubwa, na kila mmoja alikuwa na habari ndefu. Siku ile tuliulizana kwa dhati, na kila mtu alingoja jibu. Tungeweza kufanya hivyo siku zote, bila kungoja ugonjwa mwingine utufundishe.

Jumamosi ijayo nitaimba tena, na wimbo wa maharage ninao. Chekeni sana, ndiyo furaha yangu. Nikishuka, mtoto wa kitanda cha chini ataniuliza hali, na safari hii nitamjibu.

Mwanafunzi wa Kidato cha Nne