Jengo kuukuu halilindwi na kibao, hulindwa na mpangaji

JICHO LA MLIMA
Na Kirimi Muthuri

Pita Makutano mjini Meru, au elekea Kangaru kule Embu, usome mabango ya nyumba za kifahari. Vioo vya buluu, vigae vinavyong'aa, lifti, jenereta, kisima, maegesho ya magari mawili. Kila fleti inanadiwa kuwa ya kipekee, na zote zimefanana kama sare za shule. Sijaona bango hata moja linalonadi makao ya kifahari ndani ya jengo la zamani lililokarabatiwa. Kwingineko duniani, hiyo ndiyo fahari ambayo matajiri hutoboa mifuko kuipata.

Chukua kituo cha reli cha St Pancras, London. Hoteli yake ya matofali mekundu ilifunguliwa 1873, ikafungwa 1935 na kugeuzwa ofisi za reli. Miaka ya 1960 ilinusurika chupuchupu kubomolewa. Mshairi John Betjeman na wenzake walipiga kelele, na mwaka wa 1967 ikapewa ulinzi wa daraja la juu kabisa kisheria. Ulinzi huo ulizuia tingatinga, ila haukuziba paa wala kumlipa fundi. Uhai ulirudi pale orofa za juu zilipogeuzwa makao 67 ya kuuzwa, na hoteli ikafunguliwa upya chini yake mwaka wa 2011.

Hapo ndipo ilipo hoja yangu ya wiki hii. Sheria inaweza kuchelewesha kifo cha jengo, lakini anayelipa uhai ni mtu anayelala, kula au kuuza bidhaa ndani yake.

Ushahidi tunao hapa kwetu. Meru ilifanywa makao ya utawala mwaka wa 1908 na Mwingereza E.B. Horne, ambaye wazee walimwita Kangangi. Ofisi ya Mkuu wa Wilaya (DC) iliyojengwa 1916 ndiyo nyumba ya mawe kongwe kuliko zote mjini. Ipo hadi leo kwa sababu 1974 ilipewa kazi mpya, ikawa makumbusho. Ilikuwa ofisi ya mtawala aliyedai kodi ya nyumba. Sasa watoto wa shule huingia humo kujifunza mila za Ameru. Hoteli ya Pig and Whistle papo hapo Meru, na Izaak Walton Inn ya Embu, iliyopewa jina la Mwingereza aliyeandika kitabu cha uvuvi mwaka wa 1653, hazikudumu miongo yote hii kwa huruma ya mtu. Zilidumu kwa sababu vitanda na meza zake zilileta pesa.

Sasa tazama sheria. Sheria ya Makumbusho na Turathi za Kitaifa ya 2006 inampa waziri mamlaka ya kulinda majengo ya kihistoria. Jengo halina kinga hiyo mpaka waziri alitangaze katika gazeti rasmi la serikali. Na miji yetu ni ya juzi tu. Waingereza waliivamia Embu mwaka wa 1906, na Meru ikafuata miaka miwili baadaye. Kila ukuta wa mjini kwetu ambao waziri hajautangaza uko nje ya kinga hiyo.

Basi mwenye duka la zamani lenye baraza na paa la mabati, lililo kwenye ploti ya thamani katikati ya mji, hupiga hesabu rahisi. Kodi ya duka haitoshi hata kubadilisha mabati. Ploti tupu ina wanunuzi kesho asubuhi. Anabomoa, na hajavunja sheria yoyote. Mimi simlaumu. Ninawalaumu wanaompa njia moja tu ya kupata pesa.

Kuna atakayeniuliza kwa nini tuhangaikie majengo ya mkoloni, yaliyojengwa kwa jasho la babu zetu. Namjibu kwa Kipande House, Nairobi. Ilijengwa 1913, na humo ndimo Waafrika walimosajiliwa na kupewa kipande, kile kitambulisho walicholazimishwa kuvaa shingoni. Mwaka wa 1976 Benki ya KCB ikainunua. Mjukuu wa aliyepiga foleni ya kipande anaweza kuingia kwa mlango uleule kuomba mkopo. Jengo hilo lingebomolewa, aibu ile ingekosa anwani.

Atakayeniambia kwamba makumbusho yanatosha, nitampeleka Zanzibar. Mji Mkongwe umo katika orodha ya UNESCO tangu 2000. Beit al-Ajaib ya mwaka wa 1883, fahari ya mji huo, iligeuzwa makumbusho, ikafungwa kwa ubovu, na tarehe 25 Desemba 2020 sehemu yake ikaporomoka mafundi wakiwa kazini. Watu walikufa. Katika mji huohuo, jengo la zamani la mawasiliano la Extelcoms lililogeuzwa hoteli ya Serena linaendelea kupokea wageni.

Pingamizi ninaloliogopa ni jingine: fahari ya nani? Shela, kisiwani Lamu, wageni kutoka Ulaya walinunua nyumba za kale wakazikarabati vizuri ajabu, kwa chokaa na boriti kama inavyotakiwa. Nyumba zikapona, lakini bei zikapaa mbali na mikono ya kijana wa Shela anayetaka kuoa. Tukiiga bila masharti, tutaokoa kuta na kufukuza watu.

Kwa hiyo tuweke masharti. Kaunti za Meru na Embu ziandike orodha ya majengo yao ya zamani na kumpelekea waziri ayatangaze. Mwenye jengo anayekarabati badala ya kubomoa asamehewe kodi ya ardhi ya kaunti kwa miaka kadhaa. Aruhusiwe kugeuza orofa za juu, au nyongeza atakayojenga nyuma, kuwa makao ya bei anayotaka. Sheria ya Umiliki wa Sehemu za Majengo ya 2020 inampa kila mnunuzi hati ya fleti yake, kwa hiyo mauzo yatalipia ukarabati. Naye atoe kitu: vyumba vya chini vinavyotazama barabara vibaki maduka na vibanda vya chai, na wapangaji waliopo wapewe nafasi ya kwanza kurudi kwa kodi ya kukubaliana. Na mkaguzi wa kaunti ahakikishe ukuta wa zamani uliojengwa kwa chokaa haupigwi plasta ya saruji, maana saruji hufungia unyevu ndani na ukuta huoza taratibu huku rangi ikimeremeta.

Orodha ya majengo haihitaji mkopo wa Benki ya Dunia. Inahitaji afisa wa mipango, kalamu, na majuma machache ya kutembea mjini kwa miguu. Wanaojiandaa kutuomba ugavana mwaka wa 2027 watakuja na michoro ya maghorofa. Tuwaulize kwanza ni majengo gani wanayoahidi kutoyabomoa, wayataje kwa majina.